Utani kama Uhakiki: Marafiki Wawili na Bendi Yao

Mwaka 2014 Wamarekani wawili, mwigizaji Adam Scott na mchekeshaji Scott Aukerman, walianzisha podikasti ya kuchambua albamu za U2, bendi iliyoundwa Dublin mwaka 1976 na kukulia katika wimbi lililofuata panki. Kifani, kazi hiyo ina kasoro dhahiri: wasimulizi huacha njia, hubuni vipindi ndani ya kipindi, na huweza kuzungumza kitambo kirefu bila kuitaja bendi. Hata hivyo, kasoro hiyo ndiyo nguzo yake. Uhusiano wao na bendi ni wa utani: mtani hudhihaki kwa haki ya undugu, na dhihaka yake huyazuia mapenzi yasigeuke ibada.

Hadhira ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, haihitaji kufundishwa fani hii. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, alilolichunguza Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1990, lilionyesha jinsi Kiswahili cha Kongo kinavyoweza kuyacheka hata madaraka. Linalobaki ni kuielekeza fani hiyo kwenye muziki. Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Heshima hiyo inastahili, lakini kinachosifiwa tu huanza kuzikwa. Marafiki wawili wakiijadili kwa Kiswahili cha sokoni, Kinande kikipenyapenya, wangeipa uhai usioletwa na sifa. Ila utani una sharti lake. Wamarekani hao walizipitia albamu moja baada ya nyingine. Mtani asiyemjua anayemtania ni mtukanaji tu.