Vazi, Uhalisi na Uhuru: Uhakiki wa Filamu ya Paris Is Burning

Vazi lina lugha yake. Katika jamii yoyote ile, cheo cha mtu, tabaka lake na jinsia yake husomwa katika nguo kabla hajafungua kinywa. Swali linalozushwa na filamu ya Paris Is Burning, iliyoongozwa na Jennie Livingston na kutolewa mwaka 1990, ni hili: je, mwenye kuvaa vazi alilokatazwa na jamii husema uongo, au husema kweli isiyokuwa na njia nyingine ya kusemwa?

Filamu hii si ya kubuni. Inawaonyesha Wamarekani Weusi na wale wenye asili ya Kilatino, wengi wao mafukara, waliokuwa wakikutana katika kumbi za Harlem, mjini New York, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, kushindania mavazi, mwendo na uchezaji. Baadhi yao ni wanaume wavaao kike. Wengine, kama Venus Xtravaganza, wanajihesabu kuwa wanawake. Hapa Kiswahili kinamfaa mhakiki: nafsi yake ya tatu haibagui mume na mke, hata aweza kumtaja kila mmoja wao pasipo kumhukumu.

Kigezo kikuu cha mashindano hayo ni uhalisi. Mshindani hupewa alama kwa kadiri anavyofanana na yule anayemwigiza, awe meneja wa shirika, askari au mwanafunzi. Dorian Corey, mkongwe wa sanaa hiyo, anaeleza kwamba nje ya ukumbi mtu wa hali yake hawi meneja kwa kuwa hakupata elimu wala nafasi. Lakini ukumbini anathibitisha kuwa umbo la umeneja analiweza. Kwa hiyo vazi ni hoja. Linafichua kwamba heshima ya wakubwa nayo ni uigizaji, ila wao wamepewa dunia nzima iwe jukwaa lao.

Hata hivyo, hoja hiyo ina ufa. Kipimo cha uhalisi kimewekwa na nani? bell hooks, katika kitabu chake Black Looks (1992), alidai kwamba kinachotukuzwa katika kumbi hizo ni mfano wa mwanamke Mzungu wa tabaka tawala, na kwamba mwongozaji, naye Mzungu, hakuihoji nafasi yake mwenyewe. Judith Butler, mwaka 1993, alishikilia kuwa uigaji huo una sura mbili: hutii na kupinga kwa wakati mmoja. Mjadala huu si mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Wachezaji wa beni, ngoma iliyozuka katika pwani ya Kenya, walivaa sare na kujipa vyeo vya Kizungu, na wataalamu wakauliza: waliwakejeli watawala au waliwahusudu? Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975, alionyesha kwamba sare peke yake haitoi jibu. Hapana budi kukitazama chama kilichoivaa, pamoja na ushindani, fahari na kusaidiana kwa wanachama wake.

Ufunguo huo unaifungua filamu hii pia. Washindani wamejipanga katika nyumba, kama za LaBeija, Ninja na Xtravaganza. Kila nyumba ina mama, na watoto huchukua jina la nyumba. Wengi wao wamekataliwa na jamaa zao, nao wamepata humo mtu wa kuwaonya na kuwalisha. Hata maneno yao makali ni ya kijamaa: ufundi wao wa kutoleana kasoro ni ndugu wa vijembe na mipasho ya taarabu, ambayo huuma kwa sababu mtupaji na mtupiwa wanajuana. Ukumbini mtu hupimwa. Katika nyumba yake alikwisha kupokewa.

Dosari ya filamu imo hapa. Kamera inapendezwa mno na fahari ya jukwaa, na maisha ya nyumba hizo yanaelezwa zaidi kuliko yanavyoonyeshwa. Aidha, baada ya filamu kufaulu, baadhi ya walioonyeshwa walilalamikia malipo yao, jambo linalorudisha swali la nani hufaidi urembo wa mafukara.

Corey anasema mwenye uhalisi kamili ni yule awezaye kutoka ukumbini na kufika kwake bila kujeruhiwa. Venus, aliyetamani arusi ya kanisani na nyumba yake mwenyewe, aliuawa mwaka 1988 kabla filamu haijakamilika. Angie, mama wa nyumba ya Xtravaganza, ndiye aliyelazimika kupeleka habari kwa jamaa zake. Uhalisi ulikuwa ngao maadamu mtu hajagunduliwa, na uhuru unaodumu kwa sharti la kutogunduliwa ni wa kuazima. Filamu inawaonyesha washindani wakiuazima kwa ustadi mkubwa; deni lililobaki ni la jamii iliyowalazimisha kuuazima.