Kisulisuli Ndani ya Mshipa wa Mapafu

Shinikizo la damu tunalolijua wengi hupimwa kwa kufunga mkanda mkononi. Shinikizo la upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, halifikiwi na mkanda wowote. Likipanda, mgonjwa huanza kuhema akipanda ngazi, kisha miguu huvimba, na wengine hutibiwa pumu kwa muda mrefu kabla mtu hajaushuku moyo. Kipimo kinachokata shauri ni katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo au wa paja hadi ndani ya moyo. Kizingiti cha zamani kilikuwa wastani wa 25 mmHg. Tangu kongamano la dunia la Nice mwaka 2018, wastani unaozidi 20 unahesabiwa kuwa wa juu. Mtoto mdogo mara nyingi hawezi kufanyiwa kipimo hicho bila nusu kaputi, na ugonjwa wenyewe ndio unaoifanya nusu kaputi iwe ya hatari zaidi kwake.

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, husaidia sana. Hupima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia valvu iliyo kati ya chemba mbili za kulia: kasi ikiwa mita 3 kwa sekunde, unaizidisha kwa yenyewe, kisha mara 4, unapata 36 mmHg za tofauti ya shinikizo kati ya chemba hizo. Lakini wapo wagonjwa ambao valvu yao haivuji vya kutosha kupimika. Hapo hesabu hiyo haina pa kuanzia.

Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2008 na Gert Reiter, Ursula Reiter na wenzao wa Graz, Austria, inastahili kusomwa hatua kwa hatua. Walichukua watu 48 na kuwapiga picha za MRI za mshipa mkuu wa mapafu. Picha hizo hazikuonyesha umbo la mshipa tu. Mashine ya MRI inaweza kuwasha uga wa sumaku wenye nguvu tofauti kutoka sehemu moja hadi nyingine, kisha kuugeuza papo hapo. Protoni, yaani kiini cha hidrojeni ambacho MRI husikiliza ishara yake, ikiwa imetulia hurudishiwa yote iliyopewa. Protoni inayosafiri na damu hubaki na tofauti katika ishara yake, na tofauti hiyo hulingana na kasi yake. Ukirudia zoezi hilo kwa pande tatu, katika kila kipande cha pigo la moyo, unapata mshale wa mwendo wa damu kwa kila nukta ya picha.

Kwa waliokuwa na shinikizo la juu, mishale iliunda duara kamili, yaani kisulisuli: damu ilikwenda mbele, ikageuka, ikarudi kwa kuambaa na ukuta wa nyuma wa mshipa. Mshipa uliotanuka na mawimbi ya shinikizo yanayorudi mapema kutoka mapafuni huipunguzia damu kasi karibu na ukuta, ikageuka. Watafiti hawakuhitaji kujua kasi ya kisulisuli hicho kwa usahihi mkubwa. Walihesabu kilidumu kwa asilimia ngapi ya pigo zima. Kwa fomula yao, asilimia 14.3 inalingana na 25 mmHg, na chini ya 16 mmHg hakitarajiwi kabisa. Naona hapo ndipo ustadi ulipo: swali ni jepesi, kisulisuli kipo au hakipo, na hata picha yenye ukungu kidogo inaweza kulijibu.

Sasa mlaze mtoto kwenye mashine hiyo hiyo. Chukua mfano wa mashine inayopata picha moja kila milisekunde 40. Mtu mzima ambaye moyo wake unapiga mara 60 kwa dakika atapata picha 25 kwa pigo, na asilimia 14.3 ni kama picha tatu na nusu. Mtoto wa mapigo 120 anapata 12 tu. Kizingiti kile kinakuwa chini ya picha mbili. Ukikosea picha moja, umekosea karibu 5 mmHg. Na kizingiti kipya cha 20, ambacho kwa fomula hiyo ni kama asilimia 6.4, kwa mtoto ni milisekunde 32, yaani hakifikii hata picha moja.

Upana wa mshipa nao unabana. Nukta ya milimita 2.5 inaingia mara kumi katika mshipa wa mtu mzima wenye sentimita mbili na nusu, lakini mara nne tu katika mshipa wa kichanga wenye sentimita moja. Mshale wa kwenda na wa kurudi ikiangukia nukta moja, inafutana. Zaidi ya hayo, fundi lazima aweke kikomo cha kasi: akiweka chini mno, damu ya kasi husomeka kana kwamba inarudi nyuma, nawe unaona kisulisuli kisichokuwepo; akiweka juu mno, mwendo wa polepole unamezwa na kelele za picha.

Hata hivyo kwa watoto picha hii ina kazi nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Wengi wa watoto wenye shinikizo hili wamezaliwa na tundu kwenye moyo. Shinikizo likiwa juu kwa sababu damu nyingi mno inakimbilia mapafuni, kuziba tundu kunaweza kumponya mtoto. Likiwa juu kwa sababu mishipa midogo ya mapafu imekakamaa, kuliziba kunaweza kumuua. Katheta inasoma shinikizo moja kwa moja, ila kiasi cha damu hukikokotoa kutokana na oksijeni ambayo mtoto anatumia, na mara nyingi oksijeni hiyo hukadiriwa tu. MRI inapima damu ya mshipa wa mapafu na ya aota katika picha zile zile, na ukigawa unapata uwiano wa damu inayokwenda mapafuni kwa ile inayokwenda mwilini.

Kwa mtoto mwenye tundu moyoni, basi, ripoti ya MRI isiyotaja uwiano huo haijalijibu swali la daktari wa upasuaji, hata ikiwa imeonyesha kisulisuli.