Muujiza Kabla ya Ulimwengu? Tuisome Upya Mzingile

Katika semina moja ya riwaya mwenzetu alisimama akasema kwamba Mzingile ya Euphrase Kezilahabi imejaa miujiza mitupu, kisha akakaa. Hakuna aliyembishia. Nami nilinyamaza, lakini tangu siku ile neno lile limenikwama kooni. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Ninashikilia kwamba sehemu kubwa ya riwaya hiyo haina muujiza hata mmoja. Kulitetea dai hilo kunatulazimu kurudi kwenye swali la zamani sana: je, ulimwengu ulipokuwa bado haujaanza, kulikuwa na kanuni za maumbile, miujiza na nguvu zipitazo maumbile?

Hebu tuanze na Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze (1952), Ikibali anamwona Adili usiku akiwachapa manyani wawili. Baadaye tunaambiwa kwamba manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Tunashtuka kwa sababu sote tunajua kwamba mtu hageuki nyani. Kawaida hiyo ndiyo inayoupa mgeuko ule uzito. Tena tazama: hata Huria, jini aliyewageuza, ana sheria yake. Kila usiku lazima wapigwe. Adili akiacha, yeye mwenyewe ataadhibiwa. Kumbe hata kisicho cha kawaida kina kawaida yake! Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba muujiza ni uvunjaji wa kanuni ya maumbile. Sikubaliani naye katika mengi, ila hapa alisema kweli: pasipo ua hapana wa kuruka ua.

Sasa basi, ua huo ulijengwa lini? Wanasayansi wanatuambia kwamba ulimwengu una umri wa miaka kama bilioni 13.8. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alipendekeza mwaka 1931 kwamba ulianza kutokana na chembe moja ya awali. Mwaka 1982 Alexander Vilenkin alieleza jinsi ulimwengu ungeweza kuchipuka pasipo kitu. Vizuri! Lakini maelezo yake yanahitaji kanuni za fizikia ziwe tayari zinafanya kazi, naye mwenyewe baadaye alikiri kwamba hilo ni fumbo. Kanuni inatawala nini, na hakuna cha kutawaliwa? Mwaka uliofuata James Hartle na Stephen Hawking wakaleta hesabu ambamo muda hauna ukingo wa mwanzo, na neno "kabla" linakosa maana. Mtakatifu Augustino alikwisha kusema jambo la karibu na hilo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita: muda uliumbwa pamoja na dunia.

Bibi zetu nao hawakuwa mbali. Paukwa! Pakawa! Hadithi haianzi mpaka pawe na "pa", yaani mahali. Hata tunaposema "hapo zamani", tunataja mahali kwanza, muda unafuata. Lugha yetu haikubali tusimame pasipo pahali.

Turudi kwenye Mzingile, iliyotoka mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Nagona. Kisa cha kuzaliwa kwa ajabu kilicho mwanzoni ni muujiza, sikatai: kuna watu, wana mazoea yao, wanashangaa. Lakini msimulizi anapokwenda kumpelekea Mzee habari za kifo cha mwanawe, na dunia tuliyoizoea inapoteketea, mazoea yenyewe yanaondoka. Huko mwanzo mpya unatafutwa, na kanuni bado hazijapatikana. Mhakiki anayepiga mhuri wa "mazingaombwe" kwenye kurasa hizo anapima kwa rula ambayo mwandishi ameshaivunja. Ndiyo maana wengi wetu hufunga kitabu tukisema hakieleweki, halafu lawama anabebeshwa mwandishi!

Najua wapo watakaoniuliza: wewe unamkana Mungu? La hasha. Ninaamini, na wala sioni ugumu. Kusema kwamba Muumba yupo bila kutegemea muda ni jambo moja. Kusema kwamba alikuwa akifanya miujiza kabla ya kuumba ni jambo jingine. Muujiza ni ishara, na ishara huhitaji wa kuiona. Nani alikuwapo?

Hata hivyo, lazima nikiri udhaifu wa hoja yangu. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, anatupeleka mahali pasipo kanuni, lakini anatupeleka kwa Kiswahili sanifu: nomino na ngeli zake, kitenzi na njeo yake. Sentensi yake moja tu tayari ina kabla na baada. Kwa hiyo hafiki kabisa huko anakokwenda, na sidhani kama kuna mwandishi anayeweza kufika. Kwangu mimi hilo haliiangushi riwaya. Linatuonyesha mwisho wa uwezo wa usimulizi wowote.

Ndugu yangu wa semina, ukiisoma tena Mzingile, kila ukikutana na jambo la ajabu jiulize kwanza: hapa kawaida ni ipi? Ukiikosa, lifute neno muujiza kwenye daftari lako. Halafu njoo tubishane. Safari hii sitanyamaza.