Maneno ya Sifa katika Kiesperanto

Daktari Zamenhof, mganga wa macho wa Warszawa, alitoa mwaka 1887 kitabu kidogo cha lugha aliyoitunga mwenyewe, ili mataifa yapate kusemezana. Wengine wameisifu kwa wepesi wake, wengine wameidharau kwa kuwa haikunyonywa kwa mama. Nimeona afadhali kuipima kwa jambo moja tu, yaani maneno yake ya sifa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: kila neno la sifa huishia kwa herufi a. Ligno ni mbao, ligna ni -a mbao. Reĝo ni mfalme, reĝa ni -a kifalme. Lakini reĝa yabeba mawili, kilicho mali ya mfalme na kilicho na fahari kama ya mfalme. Atakaye kuyatenga hana budi kutumia neno jingine. Sisi twasema nyumba ya mfalme na nyumba ya kifalme, wala hatuchanganyi.

Tena sifa hufuata jina katika wingi: bona libro, bonaj libroj. Waliotengeneza Kiido, mwaka 1907, waliiondoa kanuni hiyo wakidai ni mzigo. Mzigo kwa nani? Kwa Mwingereza, labda. Aliyesema kitabu kizuri, vitabu vizuri tangu utotoni hauoni uzito wake. Lawama yangu ni nyingine, kwamba mwafaka huo hautendi kazi ya kutosha. Nikisema, "Nipe kile kikubwa," msikiaji hujua kwamba sitaji mtu wala mti. Granda haimpi habari hiyo.

Ila jambo zito ni silabi mal, igeuzayo sifa kuwa kinyume chake. Bona ni -ema, malbona ni -baya; juna ni kijana, maljuna ni mzee. Mwanafunzi hupunguziwa nusu ya maneno, ni kweli. Lakini dekstra ni kulia, na maldekstra ni kushoto: mwanzo wa neno ukimezwa na upepo, nahodha atageuza chombo upande usiotakiwa. Na mzee je? Kwetu uzee una neno lake na heshima yake, si ujana uliopinduliwa. Kiswahili nacho chajua kupindua, lakini katika vitendo, funga na fungua, tega na tegua, maana kilichotendwa chaweza kutenduliwa.

Washairi wa Kiesperanto waliiona kasoro hiyo, wakaingiza olda kwa mzee na liva kwa kushoto. Wenye kushika sarufi wakanung'unika kwamba mwanafunzi aongezewa kazi. Mimi nawapa haki washairi.