Siri ya Gololi Iliyolegea

Sifa za kipanya cha kompyuta huenda kwa Douglas Engelbart, naye anazistahili. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, wazo lake lilitengenezwa na mhandisi mwenzake, Bill English: kipande cha mbao chenye kitufe kimoja juu na magurudumu mawili ya chuma chini, moja la kwenda mbele, jingine la kwenda kando. Ukikisukuma mbele, moja linabiringika na la pili linaburuzwa. Kilifanya kazi, ila gurudumu linaloburuzwa ni breki.

Gololi iliondoa breki hiyo, kwa kuwa hubiringika kila upande. Kampuni ya Telefunken ya Ujerumani ilikuwa nayo tangu 1968; English alipohamia kampuni ya Xerox, naye akatengeneza kipanya cha gololi. Tatizo likawa bei. Cha Xerox kiligharimu mamia ya dola na kuharibika haraka.

Kwangu mimi, kazi kubwa ilifanyika baada ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Apple ilimtaka Dean Hovey na wenzake watengeneze kipanya cha bei nafuu kwa ajili ya kompyuta ya Lisa. Wao waliiacha gololi ikae kwa uzito wake tu, bila kukandamizwa mezani. Ikizunguka, inazungusha vijiti viwili, na kila kijiti kina kisahani chenye nafasi ukingoni. Mwanga hupenya kwenye nafasi hizo na kukatika. Kompyuta huhesabu mikatiko. Kila kisahani kina vipokea mwanga viwili vilivyopishana kidogo: kinachotangulia kuona mwanga ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Hakuna vyuma vya kusuguana hadi vichakae.

Je, gololi iliyolegea haikosei? Hukosea, tena mara nyingi, na haidhuru kitu. Mtumiaji haangalii mkono wake, anaangalia mshale kwenye skrini. Ukipungukiwa anasukuma tena, ukizidi anaurudisha, wala hatambui kwamba amesahihisha. Xerox ilikuwa ikilipia usahihi ambao jicho huutoa bure.

Gololi ilikuwa na aibu yake, uchafu. Waliotumia kompyuta miaka ya 1990 wanajua kufungua kifuniko na kukwangua vijiti kwa kucha. Mwaka 1999 Microsoft ilileta IntelliMouse Explorer, kipanya kisicho na gololi: taa huangaza meza, kamera ndogo hupiga picha 1,500 kwa sekunde, na chipu hulinganisha picha na iliyotangulia ili kujua mikwaruzo na nyuzi za meza zimesogea kiasi gani. Vipanya vya aina hiyo vilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini vilihitaji bamba maalumu lenye alama.

Kamera nayo ina sharti lake: isipoona mikwaruzo, haina cha kulinganisha. Kwa hiyo mshale ukirukaruka kipanya kikiwa juu ya meza ya kioo, usikimbilie kununua kipanya kipya. Weka kwanza karatasi chini ya hicho ulicho nacho.