Upelelezi na Ujasusi: Mpaka Uliosahauliwa katika Riwaya Pendwa ya Kiswahili
Wahakiki wamezoea kuzitia hadithi za taharuki katika kapu moja la riwaya pendwa. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, uhalifu umekwisha kutendeka. Bwana Msa anaifumbua siri kwa kufikiri. Katika *Kufa na Kupona* (1974) ya Elvis Musiba, hatari ingali mbele. Willy Gamba anaitumikia dola kwa mapambano. Kwa msomaji wa Dodoma, mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, tofauti hiyo si ya kifani tu: upelelezi humwalika aulize ukweli ni upi, ilhali ujasusi humtaka aamini kwamba usalama wa dola ndio haki yenyewe.