Tusi Lazima Lifike Likiwa Tusi

Katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, watu humtazama wakili anayehoji. Anayestahili kutazamwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Husimama karibu na hakimu ili kiziwi awaone wote wawili bila kugeuza shingo. Nguo yake haina maua wala mistari, mikono haina bangili.

Shahidi akisema wanaume wawili walipigana Kayole, mkalimani humweka mmoja hewani upande wa kushoto, mwingine kulia. Nusu saa baadaye akielekeza kidole kushoto, kiziwi anajua ni nani aliyeshika panga. Akikosea upande, amemtwika mtu hatia ya mwenzake. Nyusi nazo zina kazi: zikipanda, jibu ni ndiyo au la, zikikunjwa, anayeulizwa ataje nani, wapi, kwa nini. Sasa aje wakili na swali lake la mtego, "Hukumwona, sivyo?" Kiziwi akitikisa kichwa, anakanusha kuona au anamkanusha wakili? Mkalimani hodari habahatishi. Huomba swali liulizwe upya, hata wakili akinuna.

Baadhi ya mahodari hao wamezaliwa na wazazi viziwi. Mtoto wa namna hiyo, awe wa Umoja au Kaloleni, huanza kazi kabla hajajua kusoma. Mwenye ploti akija kudai kodi, yeye ndiye husimama mlangoni katikati ya watu wazima. Ishara ni lugha yake ya kwanza, na uso wa mama ndio kitabu chake. Lakini hapo mlangoni hujifunza pia kulainisha maneno: matusi ya mwenye ploti humfikia baba yakiwa ombi la kulipa mapema. Ni mapenzi hayo, nani atamlaumu?

Mahakamani mapenzi hayo ni hatari. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo, hakikumpa mlezi. Tusi lazima lifike likiwa tusi, na jibu la kijinga libaki la kijinga. Kwa hiyo huyu aliyerithi lugha hutumia miaka akijiondolea nusu ya urithi wake, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Nusu nyingine humfaa anapoletwa kiziwi ambaye hakuona shule, mwenye ishara za nyumbani kwao tu. Kifungu hicho hicho huruhusu mtu wa kati amsaidie kuwasiliana na mahakama. Mtoto wa viziwi hugundua mapema kwamba yeye na kiziwi huyo hawaelewani, na humwambia hakimu waziwazi: mimi sitoshi, aitwe mwingine.